Oslo, Limuru au Makumira? Tulivyobishana Dongobesh

Najua nimekuwa kimya. Sikuwa naumwa wala sijafukuzwa kazi gazetini, nilikuwa nyumbani Dongobesh. Kwa wale ambao jiografia yao inaishia Ubungo, Dongobesh iko Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Unafika Babati, unashika njia ya Dareda, basi linapanda ukingo wa Bonde la Ufa huku likilalamika, halafu unaanza kuona mashamba ya vitunguu saumu na kusikia Kiiraqw kila kona. Na baridi yake! Mtu wa Dar akifika kule mwezi wa saba haamini kuwa bado yuko Tanzania.

Sikwenda kupumzika. Niliitwa. Baba mkubwa alinipigia simu akasema maneno mawili tu: "Kuna kikao." Ukiambiwa hivyo huulizi ajenda, unatafuta nauli.

Kikao kilimhusu kaka yangu, mtoto wa huyo huyo baba mkubwa. Ni mchungaji wa KKKT, ana shahada ya kwanza ya thiolojia, na amehudumu sharika za vijijini miaka sita. Sasa anataka kusoma shahada ya uzamili. Mezani palikuwa na barua mbili. Moja imetoka Norway, nyingine imetoka hapa hapa nchini. Pembeni ya barua kulikuwa na daftari la michango: shilingi milioni tatu na laki mbili taslimu, pamoja na ahadi za ng'ombe wanne na magunia ya mahindi. Shangazi yangu, mjane ambaye maisha yake ni robo tatu ya eka ya vitunguu saumu, ameandikwa pale kwa laki moja. Nililisoma lile jina mara mbili.

Wazee walikuwa wameshaamua: Norway. Mimi niliitwa kwa sababu ndiye msomi wa ukoo, niseme "ndiyo" kisomi. Nikasema hapana. Jamani, sijawahi kutazamwa vile!

Nawaelewa wazee wangu. Kwetu Norway ni jina la nyumbani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyo wilaya hii hii ya Mbulu, ilianzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na nusu ya watu waliokaa kwenye kile kikao ama walizaliwa pale ama walizalisha pale. Mtu akikwambia mtoto wako ameitwa na watu waliojenga Haydom, utamkatalia vipi? Tena kwa miaka mingi ilikuwa kweli kwamba ukifika Norway vyuo vya umma havikutozi ada. Mtu alihitaji nauli na fedha za kujikimu, basi.

Lakini hiyo ilikuwa zamani. Tangu muhula wa vuli wa mwaka 2023, vyuo vya umma vya Norway vinawatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Juu ya ada, wakati wa kuomba kibali cha kuishi lazima uonyeshe kuwa una fedha za kujikimu. Barua ya kaka imeandikwa kwa lugha nzuri sana: tunafurahi kukujulisha, tunakukaribisha, tunakupongeza. Nikaisoma hadi mwisho. Neno ufadhili halimo. Amepewa udahili. Yaani amefunguliwa mlango wa duka, lakini hajapewa fedha za kununulia.

Nikawaeleza wazee kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw changu cha kuunga-unga kwamba udahili ni kitu kimoja na ufadhili ni kingine. Baba mkubwa akauliza, "Sasa hawa watu wanampongeza kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Haya, tuache fedha kwanza, maana mtu anaweza kusema kama fedha zingekuwepo, Norway ingeshinda. Hapo ndipo ninapotaka tubishane, wadau. Sisi tuliosoma tuna ugonjwa wa kuvipanga vyuo kama ligi ya mpira. Nani wa kwanza duniani, nani wa mia tatu, nani hayumo kabisa. Kwa fani nyingine pengine ligi hiyo inasaidia kidogo. Kwa thiolojia mimi naona unatakiwa kuanza na swali la mwanafunzi, kisha uulize ni chuo gani kinaweza kumsaidia kulijibu.

Kwa hiyo usiku ule, baada ya kikao kuahirishwa, nilimfuata kaka nje, tukakaa kwenye baridi. Nikamuuliza: unataka kusoma nini hasa? Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia habari ambayo sikuitegemea.

Akasema: "Unakumbuka bibi alivyokuwa anaomba asubuhi?" Nakumbuka. Bibi alikuwa anatoka nje jua likichomoza na kumwita Lo'a. Kwa Wairaqw Lo'a ndiye Mungu, na anahusishwa na jua. Na ni mama, si baba. Bibi huyo huyo Jumapili alikwenda kanisani akasali "Baba yetu" bila wasiwasi wowote. Kaka anasema miaka sita ya utumishi amekuwa akikutana na wazee wanaomwuliza, kwa sauti ya chini: mchungaji, yule mama tuliyemwomba utotoni alikuwa nani? Naye hana jibu. Chuoni alijifunza Kigiriki, akajifunza Luther na mwaka 1517, akafaulu vizuri. Lakini swali la mama mzee wa Dongobesh halikuwa kwenye mtihani.

Hilo ndilo swali lake. Baada ya kulisikia, nikaona ile ligi ya vyuo inageuka chini juu.

Tuvipime basi. Tuanze na Makumira, pale Usa River, barabara ya Arusha kwenda Moshi. Chuo hiki kilianzia Lwandai kule Lushoto mwaka 1947, kikahamia Makumira 1954, na leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Wachungaji wengi wa Kilutheri nchini wamepita pale. Faida yake ni kwamba msimamizi wako anajua unachozungumza unaposema usharika, jimbo, ukoo, mahari na msiba. Huhitaji kurasa kumi za kumweleza Mwiraqw ni nani. Tena ni safari ya siku moja kutoka Dongobesh. Mwanafunzi anaweza kurudi likizo na kinasa sauti akakaa na wazee. Hasara? Wote mnafanana. Mwalimu ni Mlutheri, jirani yako wa bweni ni Mlutheri, na pengine mliimba kwaya moja. Swali gumu linaweza kulainishwa kwa heshima.

Ukitaka kusuguana na wengine, kuna Limuru, Kenya. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo kilianza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, mahali walipokaa watumwa walioachiwa huru, kikahamia Limuru 1930, kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2007. Pale Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wanaendesha chuo pamoja. Mlutheri wa Mbulu akikaa darasa moja na Mpresbiteri wa Kikuyu atalazimika kueleza kwa nini anaamini anachoamini. Na Mkikuyu naye ana Ngai wake wa mlimani na babu zake wa kuwauliza maswali. Mazungumzo ya namna hiyo ni elimu tosha. Karibu yake, Nairobi, Wakatoliki wana Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichoanza 1984 kama taasisi ya masomo ya juu ya dini. Uganda kuna Mukono, chuo cha Askofu Tucker cha mwaka 1913 ambacho mwaka 1997 kilikuwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda. Dodoma Waanglikana wana St. John's tangu 2007. Asikudanganye mtu kwamba Afrika Mashariki hakuna pa kusomea.

Kuna na njia ya masafa. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha watu kwa posta tangu enzi hizo, na siku hizi kwa mtandao. Mchungaji anabaki usharikani, anaandika usiku. Kwa mwenye nidhamu ni njia nzuri. Kwa mwenye usharika wa mitaa saba, misiba mitatu kwa wiki na mtandao unaokatika mvua ikinyesha, itachukua miaka. Kaka alicheka nilipoitaja. Alisema, "Nitahitimu siku moja na kustaafu."

Sasa Ulaya. Sitaki mseme naichukia. Ningepewa ufadhili kesho mngenisikia nikiandika kutoka kule. Oslo kuna kitivo cha thiolojia ambacho umri wake ni sawa na wa chuo kikuu chenyewe, yaani tangu 1811. Stavanger kuna shule ya wamisionari iliyofunguliwa 1843, na tangu 2016 iko ndani ya taasisi ya VID. Maktaba zao zimejaa, na kimya chake kinakuruhusu kufikiri. Na kuna jambo jingine ambalo lazima nilikiri hata kama linaudhi: sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu sisi Wairaqw haiko Mbulu. Mwaka 1980 Robert Thornton alichapisha kitabu chake kuhusu Wairaqw, ardhi yao na wakati wao. Mwaka 2005 Katherine Snyder akachapisha chake. Wanaanthropolojia wa Bergen wameandika kurasa nyingi juu ya imani, pombe na uganga wa eneo letu. Kijana wa Dongobesh akitaka kusoma habari za Dongobesh anaweza kulazimika kuomba viza! Hilo ni tusi kwetu, lakini ndiyo hali.

Hata hivyo, kwenye vitabu hivyo aliyehojiwa ni nani? Ni bibi zetu. Vitabu vinaweza kuagizwa, vingine leo vinasomwa mtandaoni. Bibi haagizwi. Bibi yetu alifariki, na majibu yake akaondoka nayo. Waliobaki wa rika lake pale kijijini hawazidi vidole vya mkono mmoja. Kaka akienda Oslo miaka miwili, akirudi atawakuta wangapi? Hii ndiyo hoja niliyoitoa siku ya pili ya kikao, na hapo kwa mara ya kwanza wazee walitulia. Mmoja wao, mzee wa miaka themanini na kitu, akasema taratibu: "Kwa hiyo maktaba ni sisi." Ndiyo, Mzee. Maktaba ni ninyi.

Msidhani ninahubiri kujifungia. Tazameni waliotutangulia. Padri Charles Nyamiti wa Tabora alisoma Louvain, Ubelgiji, kisha Vienna. Akarudi kufundisha Kipalapala na baadaye Nairobi, na mwaka 1984 akatoa kitabu kinachomweleza Kristo kama mhenga wetu. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alisoma Ujerumani na Boston, na mwaka 1974 kikatoka kitabu chake kuhusu kanisa na ukoo. Miaka mitatu baadaye Walutheri wa dunia nzima wakamchagua kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza. Padri Laurenti Magesa alisoma Ottawa, akaandika juu ya dini ya Kiafrika mwaka 1997. John Mbiti wa Kenya alipata uzamivu wake Cambridge 1963, mwaka uliofuata akawa Makerere.

Baba mkubwa angewasikia hawa angesema, umeona? Wote walikwenda! Kweli walikwenda. Lakini soma walichoandika. Mhenga. Ukoo. Dini ya mababu. Hakuna aliyekwenda kuokota swali ughaibuni. Walipanda ndege wakiwa nalo, wakatafuta zana za kulijibia, wakarudi. Tena enzi zao hapa kwetu hapakuwa na pa kusomea shahada hizo kama leo. Sisi siku hizi tunageuza: tunatafuta kwanza ndege, halafu tukifika tunauliza profesa anapenda swali gani.

Na hili si la Wakristo peke yao. Nina rafiki yangu wa tangu chuoni, Mwislamu kutoka Kondoa, ambaye mdogo wake alivutwa huku na huku vile vile: Madina, ambako chuo kilichofunguliwa 1961 kinagharamia wanafunzi wa mataifa mengi, Mbale, Uganda, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha mwaka 1988, au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza 2005. Kule Madina gharama si tatizo. Lakini familia ilibishana jambo lile lile: akirudi, ataweza kukaa barazani na wazee wa Kondoa wakaelewana, au atarudi na majibu ya maswali ambayo hawakuuliza?

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu, na naomba muupige mawe kwa hoja. Uzamili asome hapa Afrika Mashariki, tena achague pale penye msimamizi anayelijua swali lake, hata kama jina la chuo halimfanyi mtu ageuze shingo. Akusanye sauti za wazee sasa, wangali hai. Uzamivu, ukija, aende popote swali litakapomsukuma, iwe Pietermaritzburg, iwe Oslo, kwa ufadhili kamili na si kwa vitunguu saumu vya shangazi.

Na kwa vijana wengine mnaotafuta, kabla hamjalipa hata shilingi moja, fanyeni mambo matatu. Ulizeni TCU kama chuo na shahada hiyo vinatambulika nchini. Ndiyo kazi yao. Tafuteni jina la mwalimu atakayekusimamia na msome alichoandika, kwa maana utaishi naye kuliko utakavyoishi na jengo. Halafu tafuteni mhitimu mmoja wa pale mwulize yuko wapi leo na anafanya nini. Namfahamu kijana mmoja, si wa kwetu, aliyetuma "ada ya usajili" kwenye chuo cha thiolojia ambacho kilikuwa tovuti na sanduku la posta tu. Alipewa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Kimetundikwa sebuleni, kazi yake kuficha ufa wa ukuta.

Nimalizie na sehemu inayoniuma. Usiku wa mwisho kaka aliniambia neno ambalo nimetembea nalo hadi Dar. Alisema: "Wewe ulipochaguliwa Mlimani, hakuna aliyekuambia ubaki Mbulu uandike habari za Mbulu. Uliondoka, na sote tulipiga vigelegele. Leo mimi ndiye wa kubaki kulinda wazee?"

Wadau, nilikosa la kusema. Kwa sababu ni kweli. Mimi ninayemhubiria habari za bibi na swali la nyumbani, ninaandika kutoka chumba cha kupanga Sinza, na mara ya mwisho kuandika habari ya Dongobesh gazetini ilikuwa ya mafuriko, aya nne, ukurasa wa ndani. Ni rahisi sana kumshauri mwenzako abaki ukiwa wewe umeshaondoka. Huenda anataka Norway kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi niitake Dar: kutaka tu kujua mtu anakuwaje akiwa mbali na macho ya ukoo. Hiyo nayo si dhambi.

Lakini bado nasimama pale pale. Mimi sikuondoka na daftari la michango lenye jina la mjane. Na swali langu la maisha, kama ninalo, halikuwa limefungwa kwenye vifua vya wazee watano wanaozidi kuchoka. Lake liko huko. Asipoliuliza yeye, anayejua Kiiraqw na Kigiriki pia, atakuja mgeni mwingine kuliuliza kupitia mkalimani, na sisi tutaomba viza kwenda kusoma majibu.

Barua ya Norway inatakiwa kujibiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu. Kaka hajasema ameamua nini. Shangazi nilimshika pembeni nikamwuliza kama yuko tayari kurudishiwa laki yake. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akasema: "Mimi nimetoa ili mtoto asome. Wapi, hayo ni yenu. Ila akimaliza aje anijibu."

Naomba kutoa hoja. Nyie mnasemaje?